Kaka Yangu na Upepo wa Ubavuni

Kaka yangu ni rubani wa ndege ndogo ya watu watano, na mimi ndiye fundi wake. Yeye anavunja, mimi natengeneza. Hapo ndipo undugu wetu ulipofikia. Pale kiwanjani wanamwita Bwana Majani, na jina hilo hakulipata bure.

Abiria wetu wana desturi yao: matairi yakigusa lami tu, wanapiga makofi. Basi kaka, badala ya kushika usukani, anainua mkono na kuwapungia kama bwana harusi. Siku ya utulivu hakuna neno. Lakini ukivuma upepo wa ubavuni, ndege haijali makofi ya mtu. Bawa linanyanyuka, pua inageuka, mara abiria wako majanini wanatazamana na mbuzi.

"Kaka, ndege haijatua mpaka isimame," nimemwambia hadi koo limekauka.

"Mdogo wangu, wewe shika spana, mimi nishike usukani."

"Ushike basi!"

Sikio la kufa halisikii dawa. Alipoingia majanini mara ya tatu, akaja mkaguzi, mama mmoja mpole wa kutisha. Akasema atampima siku ya upepo, na tairi moja tu likitoka nje ya lami, leseni anaichukua. Kaka ana watoto wanne na hajui kazi nyingine. Hata kuchemsha yai kwake ni mtihani. Nilimsema wiki nzima, na roho ikiniuma.

Siku yenyewe, kile kifuko cha kuonyesha upepo kilinyooka kama mkono wa askari wa barabarani. Mkaguzi akakaa mbele na kaka, mimi nikawekwa nyuma niwe mzigo. Tukaruka, tukazunguka, tukashuka tukienda upande upande kama kaa. Tairi la upande wa upepo likagusa kwanza, kisha la pili. Hapo ndipo huwa anaachia usukani. Nikafumba macho, nikafumbua. Upepo ukatupiga, bawa likataka kunyanyuka, naye akalikandamiza, miguu ikikimbia kwenye pedali kama ya mshona nguo mkesha wa sikukuu. Tukasimama katikati ya lami, kisha akaenda kuegesha na kuzima injini.

"Umefaulu," mkaguzi akasema akishuka. "Sasa unaweza kuachia."

Hakuachia. Nikamwinamia kwa nyuma. "Haya, maringo yamekwenda wapi leo?"

"Maringo gani?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Matairi yakigusa, najua sijaua watu, basi mwili wote unalegea. Mkono unajiinukia wenyewe."

Miaka kumi na moja namtukana mtu kumbe anaogopa. Aibu ikanishika. Nikahamia kiti cha mkaguzi, nikakaa na kaka mpaka vidole vyake vikalegea kwenye usukani.