Meno ya Gado

Odang Suparta alikuwa ametengeneza meno ya bandia kwa miaka thelathini na minne kabla hajaletewa mteja mwenye masikio marefu.

Kibanda chake kilishikana na nyumba yake, nyuma ya soko la mji mdogo wa Lembang, kwenye njia ipandayo mashamba ya kabichi. Hakuwa daktari, na mtu akimwita hivyo alimsahihisha papo hapo. Ruhusa yake ilikuwa ya meno ya kuvaa na kuvua, basi. Kung'oa, kuziba, hata kukwangua, hakugusa. Lakini nusu ya wazee wa mtaa ule walitafunia kazi ya mikono yake, na yeye aliwajua kwa midomo kabla ya majina. Ndiyo tabia iliyomkera mkewe, Cicih. Wakienda harusini, watu wengine wanarudi wakisimulia nguo za bibi harusi, Odang anarudi akisema, "Yule bwana harusi anatafunia upande wa kushoto tu. Sijui kulia kuna nini."

Asubuhi moja ya Novemba, mvua ikinyesha, aliingia Uyat, mfugaji wa sungura wa mtaa wa juu. Uyat alikuwa mtu wa utani, na meno yake yote ya juu yalikuwa ya Odang. Alimwita Odang Mang, yaani mjomba, kama wengi pale mtaani. Aliweka kikapu cha mianzi juu ya meza ya kazi.

"Mang, nimekuletea mgonjwa. Mtengenezee seti kama yangu."

Ndani alikuwamo sungura jike wa rangi ya majivu, mwepesi kama kanga iliyokauka. Meno yake mawili ya chini yalikuwa yamechomoza nje ya mdomo na kulala upande wa kulia. Ya juu yalijikunja kuingia ndani kama kucha zilizosahauliwa miaka.

"Huyu hali chochote," Uyat alisema. "Mama wa mishikaki kamkataa, anasema hata supu hatoshi. Nilikuwa nakwenda kummaliza, nikakumbuka wewe unapenda vioja."

Odang alikuwa ameshawasha taa ya mezani na kuuinua mdomo wa juu wa mnyama kwa kidole gumba. Alitazama, akamgeuza, akatazama tena. Mate ya sungura yakamlowesha kiganja.

"Mwache mpaka kesho," alisema.

"Kesho ya sungura, au kesho ya fundi?"

"Nenda zako, Yat."

Uyat akatoka akicheka, na kesho hiyo haikufika kamwe.

Cicih alipomwona mnyama jikoni, aliweka mikono kiunoni, akamwita mumewe "baba" kama kila siku. "Abah, wanaume wa umri wako wanaleta mke wa pili. Wewe umeleta sungura."

"Tazama kidevu chake, Cih. Tazama kilivyokwenda upande."

"Nimekiona. Kama chako tu ukilala."

Likawa ndilo jina lake: Gado, yaani kidevu kwa Kisunda chao.

Jambo lililompata Odang siku ile halikuwa huruma hasa. Huruma ilikuja baadaye. Mwanzoni ilikuwa ni kutaka kujua. Maisha yake yote alikuwa ameshughulika na vinywa ambavyo meno yamekwisha na hayarudi tena. Sasa amekaa mbele ya kinywa ambacho meno yamekataa kusimama. Yanatoka wapi? Nani huyasimamisha kwa sungura wengine?

Kutaka kujua huko kulimponza. Siku ya pili alichukua koleo lake la kukatia waya, akamfunga Gado ndani ya taulo, akalikata jino moja la chini. Lilivunjika kwa sauti ya kijiti kikavu, na ufa ukapanda mpaka kwenye ufizi. Damu ikatoka. Gado hakulia, maana sungura ni nadra kulia, ila alijikunyata akaugeukia ukuta, na alikaa hivyo hadi kesho yake.

Odang hakula chakula cha mchana. "Miaka thelathini na minne sijagusa jino lililo hai," alimwambia mkewe. "La kwanza nimelivunja."

Cicih, aliyekuwa na maneno yake tayari, aliyameza. "Basi mpeleke kwa mwenye kujua," alisema.

Mwenye kujua alikuwa Daktari Nenden, mwanamke mdogo wa miaka kama thelathini na tano, mwenye zahanati ya wanyama mjini Bandung. Alimpima Gado bila haraka, akaliona lile jino lililopasuka.

"Pak Odang, mlimkata kwa kitu gani?" aliuliza, akimwita "bwana" na kwa wingi wa heshima.

"Koleo la waya."

Daktari aliuachilia mdomo wa Gado. Kisha akasema bila ukali, "Msirudie. Jino la sungura likibanwa hupasuka mpaka mzizini, na usaha huingilia hapo hapo. Husagwa taratibu kwa mashine, na kazi hiyo niachieni mimi."

"Mimi ni fundi wa meno ya bandia," Odang alisema, akiinamisha kichwa kama mtu anayekiri kosa.

"Aa!" Uso wa daktari ulibadilika. "Basi hebu njooni mwone hiki."

Akabandika picha ya eksirei kwenye ubao wa mwanga. Meno ya sungura, alieleza, hukua maisha yote, milimita mbili tatu kila wiki, na hupunguzana yenyewe kwa kusagana. Taya la Gado lilizaliwa limepinda, meno hayakukutana, kwa hiyo hayakuwa na wa kuyapunguza. Na kulikuwa na jingine. Nyuma ya meno makubwa ya juu, kila sungura ana vijino viwili vidogo vya akiba. Gado hakuwa navyo.

"Meno marefu naona kila wiki," daktari alisema. "Taya la hivi, na vijino vile havipo kabisa, nimeona mara mbili tu tangu nianze kazi. Huyu ni wa pili."

"Wa kwanza alikuwaje?"

"Mwenye sungura alichoka kumleta."

Odang aliitazama ile picha mpaka mteja mwingine akabisha hodi.

Walikubaliana kwamba atamleta kila baada ya wiki tatu asagwe. "Na mimi nyumbani nifanye nini?" aliuliza. Daktari akamwambia ampe majani marefu ya kutosha, ampime uzito, na amwangalie sana.

Neno lile la mwisho Odang alilichukua jinsi lilivyotamkwa. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya wateja, alilainisha kipande kidogo cha nta kwa maji ya uvuguvugu, akakigusisha meno ya mbele ya Gado, akakitoa haraka. Alama iliyobaki aliijazia plasta ya jasi, na plasta ikikauka alipata meno manne meupe, akaandika tarehe chini yake kwa penseli. Wiki za kwanza Gado alipiga teke kila kitu. Wiki ya tano aliacha, akawa anasubiri jani la giligilani alilojua linafuata.

Vile vimeno vya plasta vilipangwa juu ya rafu, karibu na seti za binadamu. Wateja waliuliza. "Hivi ni vya mtoto?" alisema bibi mmoja kwa hofu. Odang akamweleza yote, taya na vijino vya akiba, huku yule bibi amekaa na mdomo wazi akisubiri kupimwa.

Ijumaa ya kumi na moja aliviteremsha vyote na kuvipanga mezani. Alihisi kuna kitu, ila hakukijua. Alipima kwa bikari yake ndogo, akaandika, akapima tena. Meno matatu yalikuwa yanakua kama kawaida. La nne, lile alilolivunja, lilikuwa halijaongezeka kitu kwa wiki nne.

Alivifunga ndani ya trei ya mayai, akapanda pikipiki na Gado kifuani.

Daktari Nenden alivitazama kimoja kimoja. "Nani aliwafundisha hivi?"

"Mlisema nimwangalie."

Eksirei ilionyesha kivuli kwenye mzizi: usaha, mdogo bado, haujalifikia taya. Dawa ingeutuliza kwa muda tu. Dawa hasa ilikuwa kuyang'oa meno yote manne ya mbele. Sungura anaweza kuishi bila hayo akikatiwa chakula, maana atachukua kwa midomo na kutafuna kwa magego. Tatizo ni usingizi wa upasuaji. Wengine hulala wasiamke.

"Ni kosa langu lile jino," Odang alisema.

"Lile moja, ndiyo," daktari alijibu. "Mengine matatu yangetufikisha hapa hapa, polepole. Na bila hivi vya plasta tungechelewa."

Siku ya upasuaji Cicih alivaa kilemba chake kizuri, akasema anakwenda Bandung kununua kitambaa. Kikapu cha Gado kilikaa mapajani pake njia nzima, na kitambaa hakikutajwa tena. Walisubiri kwenye benchi saa moja na nusu. Daktari alipotoka alisema mgonjwa anapumua vizuri, ameanza kutikisa pua. Kisha akampa Odang kisahani chenye yale meno manne.

Odang alifikiri si yenyewe. Kile alichokizoea miezi yote hii kilikuwa ncha tu. Yalikuwa marefu kama pingili mbili za kidole chake kidogo, yamepinda kama upinde, na sehemu kubwa ilikuwa imejificha ndani ya mfupa. "Cih," alinong'ona, "tazama kilichokuwa mle ndani." Cicih hakutazama meno. Alikuwa anaufuta uso.

Siku mbili Gado alilishwa uji wa majani kwa bomba la sindano, akitema nusu. Asubuhi ya tatu Cicih alikata giligilani nyembamba kama nyuzi, akaiweka kiganjani, akakaa kimya sakafuni. Ile midomo ilitafutatafuta kwenye kiganja, ikakamata unyuzi mmoja, ukapanda kidogo kidogo mpaka ukatoweka. "Abah!" alipiga kelele. "Anakula kama mzee asiye na meno!"

"Hao nawajua," Odang alijibu kutoka kibandani.

Ilikuwa Mei alipoona doa jeupe kwenye ufizi wa chini. Jino. Daktari alisema hutokea: chembe ndogo ya mzizi hubaki, nayo huanza upya. Kwa vile halina mwenzake wa kusagana naye, nalo lingetoka nje likamsumbua. Likatolewa mwezi wa Julai, kwa dakika chache, na halikurudi. Gado akanenepa, akawa analala chini ya kiti cha wateja. Uyat alimwona akatikisa kichwa, akasema, "Mimi nina meno, yeye hana, na ananishinda kwa shavu."

Lakini jioni ile ya Julai, wakirudi kutoka Bandung, Cicih aliona mumewe amenyamaza mno.

"Una nini? Si amepona?"

"Amepona."

"Au ulitaka libaki?"

Odang aliipapasa shingo ya Gado. "Lilikuwa linatoka wima, Cih," alisema. "La kwanza lililonyooka. Nilitaka tu kuona lingefika wapi."