Masilamani, Mtu wa Gurudumu la Kulia

Jua bado halijavuka ukuta wa kasri, lakini Mtaa wa Magharibi wote umeshaamka kwa mlio wa tezo. Nje ya nyumba yao, Masilamani ameketi juu ya gogo la mkwaju, kikoi amekikunja hadi mapajani, anachonga. Tezo inashuka, kipande kinaruka, kuku wanakimbia, halafu wanarudi.

Anachochonga ni kabari. Kwa mbali utadhani ni ya kuzuia mlango, ila mlango wenyewe uwe wa ngome. Ni pande zito la mbao, nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, lenye mpini mrefu nyuma.

"Hii ndiyo breki," anasema bila kuinua kichwa. "Na hii hii ndiyo usukani. Gari letu halina kingine."

Gari analolisema ni la mungu. Kila mwaka, katika mwezi wa Panguni, Arasanur, mji wa mahekalu saba na kasri moja, humtoa Bwana Shiva wa hekalu kubwa na kumzungusha katika mitaa minne inayolizunguka kasri. Gari ni la mbao tupu, refu kupita paa la nyumba yoyote ya hapa, na huvutwa kwa kamba na umati usiohesabika. Kuvuta wanajua. Kusimamisha hawajui, wala kukata kona. Hiyo ni kazi ya wanaume wachache wanaokwenda peku pembeni mwa magurudumu, kabari mkononi. Ukitia kabari chini ya gurudumu la kulia, gari linaelekea kulia. Ukitia kushoto, linaelekea kushoto. Zikitiwa zote pamoja, mungu anasimama.

Masilamani, mwenye miaka hamsini na saba, ndiye mtu wa gurudumu la mbele la kulia. Baba yake alikuwa hapo, na babu yake kabla ya hapo. Mguu wake wa kushoto hauna kidole kidogo. Gurudumu lilikichukua akiwa kijana, na mpaka leo akisimulia hucheka, kama mtu aliyeibiwa na rafiki.

Siku za kawaida yeye ni seremala wa milango na fremu, na siku ikimnyookea hupata rupia mia tisa. Kwa kazi ya gari halipwi hata senti. Hupewa kikoi kipya, nazi moja, na shada la maua lililotoka shingoni mwa mungu mwenyewe.

"Mia tisa kila seremala anaipata," anasema, akifuta jasho kwa kiganja. "Lile shada nani analipata?"

Mwaka huu shada hilo nusura limponyoke, na lililoleta balaa ni mapenzi ya mtoto kwa mama yake.

Mama huyo ni Bibi Vellaiyammal, anayeikaribia miaka tisini. Miguu yake ilikoma kumtii miaka kadhaa iliyopita, na macho yameingia ukungu. Kitu kikitulia mbele yake hukiona vizuri. Kikipita haraka, huona rangi tu. Kutwa nzima hukaa kibarazani, miguu kainyoosha, akimwuliza kila apitaye anakwenda wapi na kwa nini hakuenda jana.

Wanawe wamejaribu kumbeba hadi hekaluni. Amekataa katakata.

"Siku nyingine zote watu wanamwendea Bwana," anasema, na sauti yake haina ukungu wowote. "Siku ya gari yeye ndiye anawajia wasioweza kwenda. Sasa kama anakuja kwangu, mimi nikamfuate njiani kama mdai?"

Tatizo ni kwamba Mtaa wa Magharibi una mteremko. Chini yake lilikuwa handaki la kasri, likafukiwa zamani, na ardhi imedidimia. Gari likifika hapo huongeza mwendo lenyewe. Mungu hupita mbele ya Bibi Vellaiyammal kama mtu anayekimbilia treni.

Mwaka jana Masilamani hakuvumilia. Gari lilipofika mbele ya kibaraza, bila ishara yoyote kutoka kwa mzee anayeliongoza akiwa juu yake, alitia kabari ya mkwaju mkavu na kuikaza. Gari likasimama. Bibi Vellaiyammal akainua mikono, akamwona Bwana wake uso kwa uso, akalia.

Kisha jiwe lililofunika mtaro wa barabarani likapasuka. Gurudumu la kulia likazama hadi katikati, na umati wote wa Arasanur ukavuta mpaka jua likazama bila gari kusogea hata shubiri. Mungu, ambaye ni lazima arudi nyumbani kabla ya giza, alilala barabarani.

Mji huu husamehe mambo mengi, lakini hausahau la kuchekesha. Kesho yake kibanda cha chai cha sokoni kilikuwa na msemo mpya: Masilamani kamwalika mungu kulala kwao, hata godoro hakumpa. Aliyeutunga ni Sengodan, mwashi wa Mtaa wa Kaskazini, mtu wa gurudumu la mbele la kushoto. Huyu Sengodan si mtu baki. Alifiwa na mama akiwa mdogo, akala uji wa ulezi wa Bibi Vellaiyammal kwenye kibaraza kile kile mpaka akaota ndevu.

Wazee wa mitaa minne hawakucheka. Mzee Natesan, ambaye hupanda mbele ya gari na kutoa ishara kwa kitambaa chekundu, alimwita Masilamani mbele ya watu.

"Ukisimamisha tena bila kitambaa changu," alimwambia, "gurudumu linakwenda mtaa mwingine. Na halitarudi kwenu."

Mke wa Masilamani, Maragatham, anasema usiku huo mumewe hakula. "Nilimwekea wali na mtindi, akautazama tu. Nikamwambia, ulifanya kwa ajili ya mama, si wizi huo. Akaniambia, baba yangu alilishika lile gurudumu hata siku ana homa. Mimi nitalipoteza nikiwa mzima?"

Bibi Vellaiyammal naye alitoa hukumu yake.

"Mwanangu, usisimamishe tena. Ukipokonywa gurudumu kwa sababu yangu, huyo Bwana nitamtazama kwa uso gani?"

Kwa hiyo kusimamisha kukawa mwiko. Lakini Masilamani aliligeuza neno hilo kichwani miezi mingi huku akipiga randa milango ya watu. Kusimama kumekatazwa. Kwenda polepole nani amekataza? Mteremkoni gari ni lazima lizuiwe kidogo kidogo hata hivyo. Mkwaju ni mgumu: ama unazuia gurudumu ama unatemwa. Alihitaji mti ambao gurudumu litaupanda, liusage, lipate mwingine, liusage tena.

Akaufikiria msufi.

Maseremala wa hapa wakitaka kumtukana mwenzao, humwambia milango yake ni ya msufi. Ni mti laini, wa njiti za kiberiti. Masilamani aliununua kijiji cha mbali asionekane, akauchonga nyuma ya nyumba, akazificha kabari chini ya magunia. Unga wake mweupe ulijaa kila mahali, hata kwenye mchuzi, asema Maragatham.

Likabaki jambo moja, nalo ndilo kubwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Gurudumu la kulia likipunguzwa na la kushoto likaachwa, pua ya gari itageukia kulia, kwenye nyumba, na nyumba ya kwanza ni ya mama yake. Alimhitaji Sengodan.

Mara mbili alikwenda kwake. Mara mbili alirudi akiwa ameuliza bei ya saruji.

"Ningeanzia wapi?" anauliza. "Yule mdomo wake ungefika kibanda cha chai kabla mimi sijafika nyumbani."

Akaamua atatia msufi mmoja wa kwanza na kuitazama pua ya gari. Ikigeuka, atarudi kwenye mkwaju, na mama ataona rangi kama miaka yote.

Siku yenyewe ilikuwa na joto la kubanika mtu. Gari lilitoka hekaluni asubuhi, likasimama kwenye lango la kasri kama desturi. Wafalme hawapo tena na ndani mna ofisi za serikali, lakini mlinzi wa lango alitoka na hariri ya kijani kwenye sinia, kichwa juu, na mungu akavikwa mbele ya macho ya wote. Ukoo umeisha, heshima haijaisha. Sisi wa Arasanur tuko hivyo.

Kona ya kwanza Masilamani na Sengodan waliikata bila kutazamana, mmoja akitia, mwingine akichomoa. Ya pili vilevile. Kisha mteremko ukafunguka mbele yao. Wazee walikuwa wamejipanga upande wa kulia tangu mapema, macho kwa Masilamani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kamba zikalegea. Gari likaanza kwenda lenyewe.

Masilamani aliinama akatia msufi wa kwanza. Gurudumu lilipanda, likaguna, kabari ikapasuka na kusagika, unga mweupe ukaruka. Alitazama juu. Pua ya gari ilikuwa imenyooka sawasawa. Hakuelewa. Akatia wa pili na pua haikugeuka. Akatia wa tatu. Gari refu kupita nyumba zote lilikuwa linateremka kwa mwendo wa bibi harusi, bila kusimama hata kidogo, na kitambaa chekundu cha Mzee Natesan kilikuwa kimening'inia tu mkononi, kimekosa kazi.

"Endelea, unakodoa nini?" sauti ilitoka upande wa pili, chini ya gari. "Za kwangu zinakwisha."

Kibarazani Bibi Vellaiyammal alikuwa ameinua mikono. Umati ulikuwa umeanza kuelewa, na kelele zote zilishuka, zikabaki ngoma. Gari lilipita mbele yake kwa muda mrefu wa kutosha mtu kumaliza sala yake na kuianza nyingine. Masilamani hakumtazama mama yake. Mtu wa gurudumu hatazami pembeni. Lakini anasema alisikia sauti yake ikiwaambia majirani, "Huyo wa kulia ni wangu." Halafu, baada ya kupumua, "Na wa kushoto pia."

Chini ya mteremko, gari lilipotulia kwa ishara halali kabisa, Masilamani alizunguka mbele. Sengodan alikuwa ameketi chini, mikono yake na masharubu vimejaa unga mweupe.

"Msufi?" Masilamani akauliza.

"Mkwaju umepanda bei."

"Nani alikwambia?"

"Mtu mzima anakuja kwangu mara mbili kuuliza saruji, na hajengi," Sengodan akasema, "nywele zake nyeupe kwa unga wa msufi. Mimi ni mwashi, kaka, si kipofu. Na ule uji nilioula pale sijaulipa." Kisha akaongeza, maana bila hilo asingekuwa Sengodan, "Lakini la godoro silifuti."

Mzee Natesan alishuka akaokota kipande cha mti kilichosagika, akakifikicha vidoleni. Alimtazama Masilamani, kisha Sengodan. "Hamkusimamisha," alisema, na akapanda tena juu. Jioni, kabla ya giza, mungu alikuwa nyumbani kwake, na shada likashuka kwenye shingo ya Masilamani. Alitembea nalo hadi kibarazani akamvika mama yake.

Bibi Vellaiyammal alikuwa na taarifa. "Kavaa hariri ya kijani. Na taji limelalia sikio la kushoto. Waambie."

Kuhani alikwenda kutazama. Taji lilikuwa limelalia sikio la kushoto.

Leo kuna magogo mawili uani kwa Masilamani, yamelazwa kivulini yakauke taratibu kwa ajili ya mwakani. La mkwaju kila mtu analielewa. Ni lile la pili wapita njia wanalolicheka. Seremala mzima, wanamwambia, umeanza kutengeneza viberiti? Yeye anaendelea kunoa tezo. Anasema mpango wake ni mmoja tu, kulishika gurudumu mpaka mikono ikatae, na mwakani yeye na Sengodan wauanze msufi mapema zaidi, kuanzia kwenye kisima kilicho juu ya mteremko, ili gari lichelewe zaidi.

Kabla ya kwenda kuununua huo msufi aliogopa kidogo, anakiri. Miaka tisini si mchezo, na gogo huchukua mwaka kukauka. Ikabidi amwulize bibi mwenyewe: mama, ninunue mkwaju peke yake, au na msufi?

Bibi Vellaiyammal alimtazama kama anavyowatazama wapita njia.

"Nunua na msufi," akasema. "Kwani mimi nakwenda wapi?"