Niliapa kwamba refa hakuniuliza

Admin, nifiche jina. Wasomaji wa ukurasa huu, shikamoo zenu nazipokea zote, maana sidhani humu ndani kuna aliyenizidi umri. Mimi ni mzee wa miaka tisini na saba, mkaazi wa Likoni tangu kuzaliwa. Anayeniandikia ni muuguzi anayekuja kunisafisha kidonda cha mguu. Nimemchagua yeye kwa sababu si wa ukoo wangu, na haya ninayotaka kusema hakuna mtu wa nyumba hii anayeyajua.

Miaka ya arubaini, vita vikubwa vilipokwisha, mpira wa kikapu ulikuwa kitu kigeni kwetu. Tulisimamisha nguzo mbili kule Timbwani, tukafunga pete za mapipa, na mimi, kijana wa miaka ishirini na moja, nikajifanya kocha. Nasema nikajifanya kwa sababu nilichowazidi wenzangu ni kelele tu. Mchezaji wetu bora alikuwa rafiki yangu, nimwite Salim, kijana mrefu na mpole aliyekuwa akibeba mizigo bandarini.

Refa wetu alitoka Kisauni. Nimwite Bwana Athmani. Mchezo aliujulia kwenye kambi ya askari alikokuwa karani, na alikuwa na desturi yake. Kabla ya mechi alimwita kila kocha peke yake, pembeni, mbali na kocha mwenzake, akamuuliza maneno yale yale: wachezaji wamekata kucha? Wamevua pete za vidoleni? Wote wazima? Alisema ugonjwa wa mchezaji si jambo la kusikiwa na mpinzani, asije akamwonea. Kwa hiyo lolote ulilomwambia lilibaki kati yenu wawili.

Siku tuliyocheza na Changamwe, Salim alinijia asubuhi akaniambia kifua kinambana tangu jana, na akitembea kidogo tu pumzi zinakatika. Nilimwambia ni upepo tu, anywe tangawizi. Nilikuwa na wachezaji watano, bila yeye hakuna mechi, na mtaa mzima nilikuwa nimeshajigamba. Alasiri Bwana Athmani akaniita pembeni.

"Wenzio wote ni wazima?" akaniuliza kwa upole. "Kama kuna jambo, nambie, halitatoka hapa."

"Wote wazima, bwana," nikamjibu.

Akanishika mkono, akaenda kupuliza firimbi.

Salim alianguka chini ya pete kipindi cha pili. Hakuguswa na mtu. Tulimbeba mbio mpaka kwenye feri tumpeleke hospitali, akakata roho mikononi mwangu kabla hatujafika ng'ambo. Nililia mpaka watu wakanishika.

Siku ya tatu, baada ya khitma, babake Salim alimuuliza Bwana Athmani mbele ya wazee, vipi alimwacha mgonjwa acheze, na mamake alijua fika kwamba mwanawe hakuamka mzima. Bwana Athmani akajibu kwamba aliniuliza, nami nikasema wote wazima. Watu wote wakanigeukia. Nilichotakiwa kusema ni neno moja tu, ndiyo. Mimi nikasema, "Wallahi, hakuniuliza."

Bwana Athmani hakubishana nami. Akamgeukia yule mzee akamwambia, "Kama kijana ameapa, basi mimi ndiye niliyesahau. Niwie radhi, mzee wangu."

Hakuwiwa radhi. Firimbi hakuishika tena. Kila alikopita aliitwa muuaji, sokoni na hata mlangoni mwa msikiti, mwisho akahama na jamaa zake wote, tusijue walikokwenda. Mimi nilionewa huruma. Babake Salim alinifanya mwanawe, na baada ya miaka miwili akaniozesha binti yake, dadake Salim. Ndiye mke wangu hadi leo. Nampenda, tumezaa saba. Kila mwaka tukimsomea nduguye, humwombea mabaya yule refa, nami huitikia amina.

Sasa yamenifika. Mwezi uliopita ilikuja posa ya mjukuu wetu, na kumbe kijana mwenyewe ni mjukuu wa Bwana Athmani. Hawakuja kwa kujificha. Babake kijana alisimama sebuleni kwangu akasema, "Marehemu baba alituusia tukikutana nanyi tuwaombe radhi. Alitwambia alisahau kumuuliza kocha." Mtu yule alikufa na uongo wangu kifuani, hata wanawe hakuwaambia. Kisha mwanawe akaja kunibusu mkono kwa heshima. Nami nikampa, wasomaji. Nikampa mkono akaubusu.

Mke wangu aliinuka akatoka. Amesema maadamu yu hai, damu ya aliyemuua nduguye haitaingia nyumba hii. Mjukuu hali chakula, ni kulia tu. Jibu linangojwa Ijumaa hii, na mke wangu ameniambia, "Bwanangu, wewe ulikuwapo. Waambie wewe, wasije wakaniona mimi ni mkaidi bure."

Moyo wangu umevunjika vipande. Nikinyamaza, namwapia uongo Bwana Athmani mara ya pili, naye yu kaburini, na kumnyima mjukuu wangu mume. Nikisema, mwanamke wa miaka tisini na tatu atajua kwamba aliyekuwa akimlaani siye, na kwamba aliyestahili kulaaniwa ni mimi, aliyenipikia na kunizalia maisha yake yote. Presha anayo, na daktari ameshatuonya.

Nitukaneni mkitaka, ila msiniache bila shauri. Yuko chumba cha pili, ananiita nikale kabla chakula hakijapoa. Nishaurini wanangu, nifanye nini: nimwambie, au nimwache afe akiniamini?