Jicho Lilipoulizwa Rangi

Wiki iliyopita nilipata habari kwamba yule mama aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni Kibuye amefariki kwao Nyeri, alikorudi uzeeni. Wengi wenu hamkumjua, lakini siwezi kuagana naye bila kusimulia yaliyompata miaka ya sabini, rangi zilipoanza kumpotea.

Wakati huo alikuwa akimeza dawa za kifua kikuu. Siku moja wanakwaya kutoka Kombewa waliagiza kitambaa chekundu cha sare, naye akawakatia cha kahawia. "Mama, unatuona sisi wajinga?" kiongozi wao akamuuliza. "Kwani hii si nyekundu?" akajibu, akikigeuzageuza kwa mshangao wa kweli. Hawakumwamini. Minong'ono ikaenea kwamba huyu mgeni amekuja kuwalaghai wenyeji, na wateja wakaanza kumpita. Akaniambia anafunga virago.

Mimi nilikuwa mwalimu, na duka lake nililizoea. Nikampeleka kwa daktari wa macho, Mzungu aliyekuwa na mashine ya ajabu, nikawa mkalimani. Alikalishwa gizani, akawekewa machoni vipande vyembamba vyenye nyaya, kisha akamulikwa taa nyekundu, halafu ya buluu. Hakuulizwa anaona nini. Ulioulizwa ni ule utando wa nyuma ya jicho, nao ukajibu kwa umeme mdogo mno, mashine ikauchora karatasini kama vilima na mabonde. Mimi nilipigwa na butwaa. Yeye ndiye aliyekuwa na maswali.

"Muulize, jicho langu linasema nini?"

Daktari akasema linajibu rangi zote vizuri. Mama akanyong'onyea. "Basi hata yeye ataniita mwongo."

"Hapana, Mama," nikamtafsiria maelezo ya daktari. "Jicho ni zima. Mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo ndio umeumia, na huenda ni zile dawa."

Akabadilishiwa dawa. Rangi zikarudi polepole, nyekundu ikiwa ya mwisho, nayo haikukolea tena kama zamani. Virago havikufungwa, aliuza Kibuye miaka mingi, na akiwa na shaka alimuuliza mteja bila aibu.

Hadi leo mimi hustaajabu jinsi mwili unavyoweza kujua jambo ambalo mwenyewe halijui. Lakini mashine kama ile ni chache, na wengi wenye shida hawana nyaya za kuwatetea. Mtu akisema haoni tunachokiona sisi, tusikimbilie kumwita mwongo. Tumuulize anaona nini.