Pampu Iliyokataa Kunyamaza

Nakumbuka siku ile, mwanangu, kwa masikio kuliko kwa macho. Vumbi lilikuwa limetanda, gari letu limepinduka, magurudumu yanatazama mbingu, injini imezimika. Kimya. Halafu ndani ya kimya kile nikasikia mlio mwembamba, kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Nikanyoosha mkono, nikazungusha ufunguo, nikauchomoa kabisa. Ufunguo ukawa kiganjani mwangu, na mlio ukaendelea.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana habari ikianziwa katikati humwacha msikilizaji njiani.

Dereva alikuwa kaka yangu Chacha. Sisi ni watoto wa mfugaji wa Kemambo, na enzi hizo vijana wa Tarime na Serengeti walikuwa wameshikwa na wazimu wa kushindana kwa magari kila mahindi yakishavunwa. Walitengeneza njia ya mzunguko katikati ya mashamba matupu, wakaweka alama za majivu kwenye kona, na watu wakaja kushangilia kama waendao harusini. Chacha alikuwa na gari dogo la milango mitatu. Mimi nilikaa kando yake kumtajia kona kabla hazijafika, kwa sababu nilikuwa na kichwa cha kushika njia. Watu walisema sana. Msichana wa Kikurya na kofia ngumu kichwani! Mama alinyamaza tu, nami nikauchukua ule unyamavu kuwa ruhusa.

Gari la mashindano lazima liwe jepesi. Hilo ni kweli, sitakudanganya. Chacha alitoa kiti cha nyuma, akang'oa zulia, akahamia kwenye nyaya. Sijui kama umewahi kuona nyaya za gari zikitolewa. Ni kama utumbo wa ng'ombe: unavuta, na nyingine bado zinakuja. Alitoa za redio, za feni, za taa ya ndani. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ndugu yetu Mwita, aliyekuwa akimshikia tochi, akamwambia, "Hapo kwenye fyuzi na swichi ya pampu paache." Chacha akacheka. Akasema waya mmoja kutoka kwenye betri mpaka kwenye pampu ya mafuta unatosha, na akitaka kuizima atachomoa huo waya kwenye betri. Honi nayo akaitupa. "Nitampigia nani honi shambani, sungura?"

Maneno hayo Mwita alinisimulia baadaye. Chacha mwenyewe hakuniambia neno. Mimi niliona tu gari jepesi, linaruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi, nikafurahi pamoja naye.

Siku ya mashindano tulikuwa Nyambureti. Baba yetu, ambaye sisi tulimwita tata, alikuja kwa mara ya kwanza kutazama. Alisimama mbali kidogo na watu, fimbo yake begani, koti lake zito mwilini ingawa jua lilikuwa kali. Chini ya kona ya mwisho, kwenye mteremko, mama mmoja anayeitwa Ghati alikuwa akikaanga mihogo kwa kuni, na watazamaji wengi wamekusanyika hapo kwa ajili ya ile harufu.

Tukaenda vizuri. Kona ya mwisho nikamtajia mapema, akaikata kwa ndani mno, gurudumu likapanda kichuguu. Sikuhisi woga, mwanangu. Niliona tu mbingu ikipita chini ya miguu yangu.

Basi ndipo ule mlio. Chacha alikuwa ananing'inia kwenye mkanda, mkono wake mmoja umevunjika. Harufu ya petroli ikanijaa puani.

"Chacha, mbona haizimi?"

Akanitazama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiisha damu kwa haraka vile.

"Nimeiunga moja kwa moja," akasema. "Bhoke, betri iko nyuma. Chomoa waya."

Nilishtuka mpaka mwili ukawa si wangu. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari lile tangu asubuhi nikidhani nalijua. Nikatazama nje kupitia dirisha lililovunjika, nikaona mafuta yanafuata mfereji wa shamba, taratibu, yanameremeta, yanashuka kuelekea kwa Ghati. Kuelekea kwenye moto. Na watu, badala ya kukimbia, walikuwa wanapanda mteremko kutusaidia!

Nikabonyeza honi. Nikabonyeza tena kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu zangu zote. Hakuna. Usukani ulikuwa kimya kama jiwe, na nyuma yangu pampu inaimba.

Nikapiga kelele. Watu wakadhani ninaomba msaada, wakaongeza mbio. Ghati peke yake ndiye aliyeelewa, sijui ni kwa harufu au kwa macho. Alilipiga teke karai la mafuta ya kukaangia upande ule mwingine, akapiga magoti, akaanza kuufukia moto wake kwa udongo, kwa mikono mitupu. Mimi nikajifungua mkanda, nikajivuta mpaka nyuma, nikaipapasa betri, nikaushika waya nikaung'oa. Cheche ikaruka kwenye vidole vyangu, mle mle ndani ya harufu ya petroli. Mpaka leo sijui kwa nini hatukuwaka. Mlio ukakata.

Lakini yaliyokwisha kumwagika yalikuwa yamefika. Kaa moja halikuwa limezikwa. Moto ukainuka kwa sauti kama ya shuka inayokung'utwa, ukamshika Ghati kuanzia kwenye pindo la kitenge.

Aliyemfikia kwanza ni tata. Mzee yule ambaye sikuwahi kumwona akikimbia hata nyuma ya ng'ombe, alikimbia. Alimwangusha Ghati chini, akamfunika kwa lile koti, akamlalia mpaka moto ukazimika. Watu wengine wakaturudia sisi, wakaukata mkanda uliomshika Chacha, wakatuburuta nje. Kisha gari likawaka lote. Tulilitazama likiteketea.

Alasiri tulikuwa uani kwenye kituo cha afya. Ghati yuko ndani, mguu wake umeungua kutoka kwenye kifundo mpaka gotini. Chacha amefungwa mkono. Tata akaja, mikono yake imefungwa bandeji, akasimama mbele yake.

"Mura," akamwambia, kama tunavyomwita kijana kwetu, "uliitoa ile swichi ili gari liwe jepesi?"

"Ndiyo, tata."

"Dada yako aliyekaa kando yako, ulimwambia?"

"Hapana, tata."

"Na yule mama wa mihogo?"

"Simjui hata jina, tata."

"Basi umemtwika mtu usiyemjua mzigo uliokushinda wewe."

Hakupaza sauti. Angepaza, pengine ingekuwa nafuu. Chacha alilia kama mtoto, nami nilimtazama bila huruma.

Ghati alipona, ila mguu ulibaki na kovu na akawa anachechemea. Chacha alikwenda Nyambureti kila siku ya mnada kumpasulia kuni, kwanza kwa mkono mmoja, baadaye kwa miwili. Muda mrefu yule mama hakumjibu hata salamu. Kisha siku moja akamwambia, "Kaa ule," akamwekea sahani. Chacha aliporudi nyumbani alinieleza jambo hilo mara mbili, kama mtu asiyeamini.

Aliendesha tena, ndiyo. Redio na feni hakuzirudisha. Fyuzi alizirudisha, na honi, na swichi moja ya kukata umeme wote mahali ambapo dereva anaifikia, na abiria wake pia. Kila aliyepanda naye alimwambia kwanza aizime akiwa amefumba macho.

Sasa nasikia wewe na wenzako mna gari, na nyaya zake zimelala sakafuni. Sikukatazi. Kitu kisicho na kazi kitolewe, hata mkulima hupogoa. Ila kamba hukatikia pabovu, na pabovu hatupaoni tukiwa na haraka. Kabla hujakata waya, ujue unalinda nini, na unamlinda nani. Kisha umwambie aliye karibu nawe ulichoondoa, kwa maneno yaliyo wazi, ili achague mwenyewe kupanda au kubaki. Na umfikirie yule aliyesimama kando ya njia, ambaye hukumuuliza na hatapata nafasi ya kuchagua. Hivyo hivyo katika nyumba, katika kazi, katika ndoa: wepesi wako usiwe mzito kwa mwingine.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mbio na akupe breki. Akurudishe kwa miguu yako kwa wale wanaokungoja, na asiwepo mtu popote atakayebeba kovu kwa ajili yako.