Kanga Dirishani kwa Jovina

Jirani yangu Jovina aliniogopa mimi Hija kuliko alivyoogopa homa. Tumepanga nyumba moja hapa Mtoni, ukuta mmoja tu kati yetu, naye aliamini jicho langu ndilo lililomuua mwanawe wa kwanza. Nilimsifu yule mtoto mlangoni, "Jamani, huyu kanona!" nikasahau kusema mashallah, na wiki haikuisha akazikwa. Daktari alisema malaria. Lakini nani wa kumwambia mama aliyefiwa? Tangu msiba ule hata shikamoo hakuniamkia tena.

Alipojifungua Cyprian, alimfungia ndani. Arobaini ikapita, wenzake hutoka kuwaotesha watoto jua la asubuhi, yeye akazidi kuziba dirisha kwa kanga. Mchana chumba giza totoro. Mtoto hakuongeleshwa, alinong'onezwa tu, nisije nikajua yuko macho. Mumewe Gaudens, mchonga vinyago, alinyata ndani ya chumba anacholipia mwenyewe. Nilikasirika, sifichi. Nikikaanga vitumbua pale ukutani naimba kwa nguvu makusudi, ajue sijafa.

Yaliyofuata alinisimulia Jovina mwenyewe baadaye. Kliniki, nesi aitwaye Sista Loveness alipitisha kitambaa chekundu mbele ya uso wa Cyprian. Macho hayakufuata. Akapiga makofi, mtoto hakugeuka.

"Mama, huyu anakaaga wapi?"

"Ndani."

"Kuna mwanga huko? Mnamwongelesha?"

Jovina akamvutia mtoto kanga usoni.

"Ubongo wake bado unajengwa," nesi akamwambia. "Anachoona, anachosikia, anavyoshikwa, ndivyo vinavyoupa kazi. Panapofanya kazi panataka damu, na vijishipa vinachipua kuelekea huko. Panya wachanga waliokosa vya kuhisi, watafiti walikuta mishipa ya ubongoni mwao imepungua. Kwa binadamu hatujui kwa uhakika, ila usisubiri ujue. Nakuandikia uende kwa daktari wa masikio na wa macho. Na huyu mtoto mtoe nje, ongea naye."

Jovina alirudi nyumbani. Alijiona kama mtu aliyefunga koki ya damu ya mwanawe kwa mikono yake. Akang'oa kanga zote dirishani. Mwanga ukaingia, mtoto akafumba macho akalia. "Cyprian! Mwanangu!" akaita, kwa sauti kamili, kwa mara ya kwanza. Mtoto akaendelea kulia. Akagonga sufuria. Mtoto akashtuka tu, hakugeuka. Akaita mpaka sauti ikakauka.

Mimi sijui hili wala lile. Nikawasha jiko langu, nikabandika chuma cha vitumbua, nikaanza kuimba.

Mtoto akanyamaza. Akageuza kichwa taratibu, akautazama ukuta wangu, mdomo wazi, anasikiliza.

Nikasikia hodi. Nilipofungua nilimkuta Jovina, mtoto kifuani, uso umelowa machozi.

"Shikamoo, Bi Hija."

"Marahaba."

"Anakujua wewe," alisema. "Mie hanijui."

Akaninyooshea mtoto. Nami nikaogopa, wallahi, kumshinda yeye. Nikimshika, halafu kesho akaamka na homa je? Nilitaka kurudisha mlango.

"Mashallah," nikasema kabla sijamtazama. Nikarudia tena, kwa sauti, mama yake asikie. Ndipo nikampokea.