Mfalme wa Delhi Kwenye Miwa ya Uriri

Tulihama Rangwe kwenda Uriri mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwa desturi kamili. Baba alitangulia na jogoo, kaka yangu mkubwa akabeba shoka, mama akabeba moto kwenye kigae. Nyumba ilisimamishwa siku hiyo hiyo na tukalala humo, kuta zikiwa bado mbichi. Kwetu Wajaluo, mwanamume akishatoka hivyo bomani kwa baba yake na kufungua boma lake, harudi tena kulala katika nyumba ya zamani, wala mkewe. Ile nyumba huachwa ianguke yenyewe.

Mama aliijua sheria hiyo tangu utotoni, na bado alitaka kurudi. Rangwe aliacha wenzake wa sokoni na kaburi la mdogo wangu nyuma ya jiko. Huku Uriri hakuwa na mtu wake. Halafu baba, kwa tamaa zake, akapanda miwa hadi karibu na ukuta, na miwa ikakua ikatuziba pande zote. Magari ya barabarani tuliyasikia tu. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane na sikuwa na pa kwenda. Kila nikifungua mlango asubuhi na kukutana na majani yale, roho ilinisonga.

Kitabu cha historia, cha Kiingereza, nilipewa na Mwislamu mmoja mwenye duka la vitambaa mjini Migori, ambaye watoto wake walishamaliza shule. Baba alitaka nikisome tulipopumzika kupalilia, na nikifasiri kwa Kiswahili ili yule Mkuria tuliyelima naye asikie pia. Sura zingine hakuzitaka. Alimtaka mfalme wa Delhi wa zamani zile, ambaye jina lake lilimshinda kutamka, basi akamwita Ruoth, yaani mtawala, kana kwamba ni chifu wetu wa lokesheni.

Ruoth alianza kama mtoto wa askari wa mpakani. Baba yake alipindua waliokuwa wakitawala, akakalia kiti. Siku moja mzee huyo akitoka vitani, mwanawe alimjengea banda la mbao la kumpokea, likajengwa haraka haraka, likamwangukia akafa. Wengine walisema mwana alijua. Mama, ambaye kwa kawaida alisikiliza akiwa ametupa mgongo, alisema nyumba ya siku moja haina tofauti na hiyo. Baba alijifanya hakusikia.

Ruoth akatawala karibu Bara Hindi zima. Alikuwa msomi, mkarimu na katili, yote kwa pamoja. Alitoa sarafu za shaba akaagiza zihesabiwe sawa na zile za madini ya fedha, na watu wakajitengenezea zao majumbani, jambo lililomchekesha Mkuria mpaka akakaa chini. Kisha Ruoth akaamua kwamba Delhi haifai tena. Akaamuru watu wahamie mji mpya, mbali sana kusini. Njia nzima ilipandwa miti ya kivuli, na bado wengi walifia njiani. Inasimuliwa kwamba kipofu mmoja aliyebaki nyuma aliburutwa, ukafika mguu tu.

Hapo ndipo baba alipopapenda. Kiongozi lazima awe na msimamo, alisema, na kila siku alinirudisha kwenye ukurasa huo. Nilimchukia Ruoth. Na baba pia, siku zingine, nilimchukia.

Ukurasa uliofuata nilikuwa nimeshausoma peke yangu. Niliuweka akiba, nikingoja siku ambayo ungemuuma vizuri.

Siku hiyo aliileta mama. Alikuwa ametoka kuugua homa, amekonda, ameketi kwenye mfuko mtupu wa mbolea katikati ya mistari ya miwa. Baba alikuwa akisifu tena ule msimamo. Mama akageuka, akaniangalia mimi, si yeye.

"Na hao watu wa Delhi," akauliza, "walirudi kwao?"

Nikafungua ukurasa. Nikasoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwamba miaka ilipita, mji mpya ukakataa kuwa mji, na mfalme mwenyewe akaona amekosea. Akawaruhusu watu wake kurudi, naye akarudi Delhi, akatawala huko hadi alipofariki.

Mkuria akaanza kusafisha jembe lake ambalo halikuwa chafu. Mama akamkazia baba macho. Nilingoja baba afoke, maana nilikuwa nimejiandaa kujibu.

Baba alikuwa akichuna kipande cha muwa kwa panga. Alikichuna mpaka kikabaki kijiti, akakitupa.

"Huyo alihama na jeshi," akasema. "Mtu ya jeshi anaweza rudi. Mimi nilihama na jogoo."

Sauti yake haikuwa na ubishi hata kidogo. Ndipo nikaelewa, na nikaona baridi juani, kwamba hata yeye alitaka kurudi, na pengine alitaka zamani kuliko sisi. Mama naye alielewa, kwa sababu aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa tanzia.

Nilitaka kufunga kitabu. Baba akanizuia kwa mkono.

"Soma tena hapo," akasema. "Hapo walirudi."

Nikasoma tena, polepole safari hii, na hakuna aliyeinua jembe.